Boya

Usiniambie lina pepo, Bi Kaije.
Fundi wa kwanza kalibadilisha plagi,
wa pili kalaumu petroli ya chupa ya Konde,
wa tatu kaagiza ubani na kuku mweupe,
na Moris lako bado linakohoa
kila likianza kupanda Limbani.

Weka mkoba. Kaa hapo, juu ya tairi.
Nijibu kama walivyokuwa wakikujibu wazazi wako
ulipowashika mkono usiku:
uchungu unakuja saa ngapi,
unakaa muda gani,
unaanzia kiunoni au tumboni?

Asubuhi linawaka, unasema. Vizuri.
Likipata joto linapaliwa,
linatoa moshi mweusi, linanuka
mpaka nguo za jirani kwenye kamba zinanuka,
na ukilizima halitaki tena
mpaka umalize kusali adhuhuri.
Basi hilo halina njaa, bibi. Hilo limevimbiwa.

Plagi nne, zote nyeusi kama kijiti cha wanja.
Nikainua pistoni ya kabureta kwa kidole,
nikaiachia: tok.
Imeshuka sawasawa, chuma juu ya chuma.
Mafuta yake yamo. Nani alitia mafuta ya cherehani?
"Marehemu," ukasema, ukatazama banda la kuku.
Alijua. Ndiyo hayo hayo yanayofaa.
Jeti nimeipuliza. Choki inarudi, haigandi.

Nikafungua bakuli.
Mle ndani, lile boya la shaba
lenye kazi moja tu duniani,
kuelea,
na likielea lifunge mlango, yatosha, petroli basi,
lilikuwa limelala chini kwa ubavu.

Nikalitikisa sikioni.
Njoo, sikiliza na wewe.
Chwa, chwa.
Limekunywa.

Tukachemsha maji kwenye sufuria yako ya chai
(nisamehe, nitaisugua kwa majivu)
nikalizamisha, na pale kwenye mshono
vikatoka vipovu, kimoja, kimoja,
kama mtoto anayejifunza kuchezea mate.
"Hicho tu?" ukauliza.
Hicho tu. Tundu la ncha ya sindano,
laki mbili za mafundi, na kuku.

Mimi spana ninazo; mkono wa kulehemu sina.
Siku mbili nililianika mpaka likaacha kunuka,
maana moto na petroli hawana suluhu,
kisha nikalitia kwenye kopo la maziwa
nikalipeleka Chake kwa Mbarouk sonara.
Akacheka: "Hii hereni ya tembo gani?"
Akadondosha tone la lehemu, akapuliza,
akaliweka kwenye mizani yake ya dhahabu.
"Limezidi." Akakwangua.
Akapima. Akakwangua.
Boya likiwa zito haliwi boya, hata likiwa zima.
Nililijua hilo tangu uanagenzi,
ila sikuwahi kumwona mtu
akililia hesabu kama mahari ya bintiye.

Leo limewaka kwa stati moja.
Silensa imetulia: nimeweka kikombe juu ya boneti,
kijiko ndani yake hakilii.
Hukusema kitu. Ulitia gia
ukaondoka bila kunilipa,
mlango wa abiria haujafungwa vizuri,
nami nikabaki na bisibisi mkononi
nikikusikiliza unavyopanda:
gia ya tatu, ya pili,
pale ilipokuwa ikikata pumzi
hakuna kikohozi.

Halafu honi. Mara mbili, fupi,
kwenye kona ya skuli,
ile uliyokuwa ukiipiga usiku wa manane
watu wa nyumba wajue umefika, wachemshe maji.

Nami, bila kufikiri,
nikageuka kutafuta sufuria.